Malkia Aliyetaja Akala

Kule Macalder, mchimbaji akiingia shimoni huacha akala zake za tairi nje. Haingii na viatu, kwa sababu wachimbaji husema dhahabu ni kama paa, ikisikia kishindo cha kiatu hukimbia. Huzivua, akazipanga pamoja mdomoni mwa shimo, vidole vikitazama njia ya kwenda nyumbani, ili zimvute arudi. Mtu mwingine hazigusi. Hata mlevi hazigusi. Mwanamke akija kumtafuta mumewe haulizi mtu. Hutazama mdomoni mwa shimo tu. Akala zikiwepo, mume yuko chini. Zisipokuwepo, amtafute penye pombe.

Ndiyo maana shimo la Joash lilipoanguka Alhamisi ile asubuhi, hakuna aliyepiga yowe.

Ulikuwa mwaka ule mvua ya El Nino ilipokataa kwisha. Chifu alikuwa amepita na kusema mashimo marefu yafungwe mpaka ardhi ikauke, na Joash mwenyewe, mwenye shimo refu kuliko yote, alikuwa wa kwanza kuburuta matawi ya miiba na kuziba lake watu wakimtazama. Alfajiri ya Alhamisi ardhi ikanguruma. Watu wakatoka mbio, wengine na mswaki mdomoni. Wakakuta miiba imemezwa na pale palipokuwa na shimo pamekuwa bakuli la tope. Wakatazama kandokando. Hapakuwa na akala hata moja.

"Limekula udongo tu," akasema Gisiri, mchimbaji mzee kutoka Kuria, ambaye neno lake pale lilikuwa kama muhuri. "Mungu ameturehemu." Wakarudi kwenye chai yao.

Vijana watatu waliomchimbia Joash hawakuonekana siku hiyo. Joash akasema walimwamsha usiku kumuaga. Walisikia kuna dhahabu mpya upande wa Tanzania. "Vijana wa siku hizi ni nzige," akasema, akitikisa kichwa. "Wanakula hapa, wanarukia kule." Hakuna aliyeshangaa. Kila wiki mtu alirukia kule.

Wa kwanza kati ya hao watatu alikuwa Werema, wa pili Mokaya, na wa tatu alikuwa Byron, kaka yake Dolphine.

Habari ilimfikia Dolphine kazini. Aliinamia karai lake mtoni na kuendelea kuosha mchanga, machozi yakidondokea humo humo. Aliona uchungu, lakini zaidi aliona hasira. Byron ndiye aliyemtoa Rangwe miaka miwili nyuma, akamwambia mama yao, "Nitamtunza kama jicho langu." Sasa jicho limeachwa bila hata kwaheri. Basi aende, akajiambia. Aende na asirudi. Neno hilo lilikuja kumrudia baadaye, mara nyingi.

Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na tisa na aliona haya kuliko kinyonga. Aliacha shule darasa la sita, karo ilipokosekana baada ya baba yao kufa, lakini kwa kweli shule ilikuwa imemwacha mapema zaidi, siku mwalimu alipomsimamisha asome kwa sauti na darasa zima likacheka mpaka kengele ikalia. Tangu hapo, watu wakizidi watatu mbele yake, ulimi uliganda. Aliitikia salamu akitazama miguu yake. Wachimbaji walimwita nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe, na wengi hawakujua ana jina jingine.

Lakini Byron alikuwa amegundua jambo. Siku moja alimkuta mtoni peke yake, amejificha nyuma ya jiwe, akiigiza sinema aliyoiona juzi: mara ni mfalme, mara ni mchawi, mara ni farasi. Byron alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Damaris.

Mama Damaris alikuwa na nyumba ya video, banda la mabati lenye viti vya mbao, televisheni moja, na deki iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mgonjwa. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya Joash, iliyokaa kibandani nyuma ya duka lake, hatua chache tu kutoka kwenye shimo. Kilichojaza banda lile kilikuwa hadithi moja ndefu ya Wazungu wa kale, iliyoletwa kanda baada ya kanda kutoka Migori mjini. Ilikuwa na ngome ya mawe, joka linalotema moto, askari waliovaa chuma kama masufuria, na mfalme mwenye taji la chuma ambalo halikuvuliwa hata usingizini. Wachimbaji waliipenda mno, ila hawakuielewa. Kiingereza chake kilikuwa cha mababu. Hata waliofika kidato cha nne walitoka wakibishana kama malkia wake ni shangazi au mke.

Byron akasema, "Mama, mweke dada yangu nyuma ya pazia. Mpe maikrofoni. Msimtazame."

Wakatundika shuka la bluu kando ya televisheni, kukawekwa kreti la soda, na Dolphine akakaa hapo mahali ambapo yeye aliiona televisheni kwa ubavu na hakuna mtu aliyemwona yeye. Siku ya kwanza sauti ilitetemeka. Siku ya tatu, mfalme aliponguruma, Dolphine alinguruma, na mtu wa kiti cha mbele akamwaga njugu zake. Kiingereza alichosikia kilikuwa theluthi moja. Theluthi mbili alishona viraka mwenyewe, na hakuna aliyelalamika. Nje, mchana, walimpita bila kumwona. Ndani ya banda walimwita malkia.

Sasa turudi kwenye Ijumaa, siku moja baada ya shimo kuanguka.

Saa tano asubuhi Mama Damaris alimtuma Dolphine kwa Joash kuchukua petroli ya jenereta. Joash alikuwa dukani mbele, ameinamia mizani. Akamtupia ufunguo wa stoo bila kuinua kichwa. "Mtungi uko nyuma ya saruji."

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mahindi. Dolphine alipapasa, akaupata mtungi, na alipouvuta, mfuko mmoja wa saruji ulianguka miguuni pake. Haukuanguka kama saruji. Ulianguka laini. Akaufungua akidhani ni ngozi za mbuzi.

Akala. Jozi tatu, tope limezikaukia. Jozi ya juu, mkanda wa kulia ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu. Dolphine aliujua uzi huo. Byron aliutoa Muhuru Bay enzi alipokuwa akivua omena, akauzungusha kwenye kidole, akasema, "Huu hauozi. Nitaoza mimi kwanza."

Mtu haendi Tanzania akaacha miguu yake kwenye mfuko wa saruji.

Alisimama pale, petroli ikimnukia puani, na mambo yote yakajipanga bila kuulizwa. Joash aliziba shimo mchana watu wakiona, na usiku akawashusha vijana humo humo. Ardhi ilipoanguka, kabla majirani hawajavaa suruali, aliziokota akala. Maana shimo likila udongo, ni bahati mbaya. Likila watu wakati chifu amekataza, ni jela.

Na wale watatu walikuwa chini bado.

Akarudisha mfuko ulipokuwa. Akatoka.

"Umepata?" Joash akauliza.

"Nimepata."

"Umekutana na panya humo ndani? Wananimalizia mahindi."

"Sijaona kitu," akajibu Dolphine, na akalisikia jibu hilo kana kwamba limesemwa na mtu mwingine.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai. Gisiri alikuwa ameketi na wanaume sita, wanacheka. Dolphine akasimama mbele ya meza, mtungi mkononi. Wote wakamtazama, macho kumi na manne.

"Nyar Rangwe," akasema Gisiri kwa upole, "unataka chai?"

Akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa jiwe.

"Labda anataka mume," akasema mmoja, na meza ikacheka.

"Ee, na mtungi ameleta mwenyewe! Huyu amejipanga."

"Mwacheni mtoto wa watu," akasema Gisiri, lakini hata yeye alikuwa anacheka, na Dolphine alikuwa ameshageuka.

Akamwendea Mama Damaris. Akamkuta anafagia banda kwa haraka, kilemba kimelegea. Mama Damaris alikuwa Msabato, na kila Ijumaa aliwinda jua: sinema ni lazima iishe, deki ifunikwe na sufuria zioshwe kabla jua halijazama. "Mama," Dolphine akasema. "Mama, kaka yangu..."

"Najua, nyathina, najua, mwanangu. Wanaume ndivyo walivyo. Tutazungumza baadaye. Leo ni Ijumaa. Hebu nishikie kiti hiki."

Akakishika kiti.

Alifikiria kwenda kwa chifu. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na huko angekuta karani, na askari, na watu kwenye foleni, na angelazimika kusema mbele yao wote. Akaketi kwenye kreti lake nyuma ya shuka akajikunyata, akihesabu pumzi. Saa sita ikapita, ikapita saba. Saa nane na nusu mkono ukapenya kando ya pazia ukiwa na chupa ya Fanta, iliyofunguliwa tayari. Ulikuwa mkono wa Joash, wenye saa kubwa ya chuma.

"Kunywa," akasema kwa upole. "Sauti isikauke."

Joash hakuwa amewahi kumpa hata maji. Dolphine akaielewa Fanta ile. Joash alikuwa ameingia stoo, akauona mfuko ulivyokaa.

Saa tisa jenereta ikanguruma, televisheni ikawaka, na watu wakajaa mpaka mlangoni. Joash aliketi mbele kabisa, mahali pake pa kila siku. Gisiri alikuwa nyuma yake. Ilikuwa kanda ya tisa, ile waliyoingojea wiki mbili.

"Leo joka linamla nani?"

"Linakula wewe ukiendelea kupiga kelele."

"Nyamazeni. Malkia, anza, mama!"

Dolphine akashika maikrofoni. Mwanzoni aliifuata kanda kama ng'ombe anayefuata njia ya maji. Joka lilikuwa limekaribia ngome. Mfalme wa taji la chuma aliamuru lango lishushwe. Nje walibaki askari wake watatu waliotumwa kuchota maji, wakipiga lango kwa ngumi, na mfalme ndani akasema lisifunguliwe. Dolphine akazisema ngumi zile kwa mdomo, du, du, du, na banda zima likanyamaza.

"Aisee, mfalme huyu ni mbwa," mtu akanong'ona.

"Angefungua, wote wangekufa. Kuwa mfalme si mchezo."

"Wewe ungemfungia ndugu yako?"

"Ndugu yangu? Hata ningeongeza kufuli." Wakacheka.

Kanda ikaendelea. Moto, mvua, farasi. Dolphine alikuwa na mpango sasa, akiuogopa na kuuahirisha. Kila onyesho jipya alijiambia, hapa. Na kila mara alisema tu kile mfalme alichosema. Akajiambia angoje malkia aje, kwa kuwa malkia ndiye alikuwa yeye. Malkia akaja, akavua kilemba, akaenda kulala bila neno. Dolphine akangoja tena. Dakika ziliondoka moja moja, jenereta ikisukuma nyuma ya ukuta, na kisogo cha Joash kilikuwa pale, kikubwa, kimetulia, kinaonekana kwenye tundu la shuka.

Hatimaye ikaja karamu. Meza ndefu, mishumaa, nguruwe mzima kwenye sinia. Mfalme anakunywa. Malkia akasimama mwisho wa meza, mkono mmoja kifuani, akaanza kuzungumza. Kwa Kiingereza kile cha mababu, huenda alikuwa anazungumza habari za harusi au mavuno. Dolphine hakupata hata neno moja, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameziba. Akafungua mdomo.

"Ee mfalme," malkia akasema kwa Kiswahili, "wale watatu wako wapi?"

Mfalme akatafuna nguruwe.

"Uliwaambia watu kwamba wamehama. Uliwaambia wamekwenda nchi ya pili kutafuta dhahabu. Wakakuamini, kwa sababu wewe ni mtu mkubwa."

"Mpe! Mpe, malkia!" mtu akapaza sauti.

"Huyu mama ni mkali kuliko mama mkwe wangu."

"Lakini mimi niliingia stoo yako," malkia akasema. "Niliingia saa ya mchana. Nikafungua mfuko."

Kwenye televisheni malkia alikuwa amemaliza. Amefunga mdomo, ameketi, anachukua kikombe chake. Sauti iliendelea.

"Ndani ya mfuko kulikuwa na akala."

Kicheko kikalipuka. "Akala! Ulaya nako kuna akala?"

"Za tairi la farasi!"

"Jozi tatu za akala," sauti ikasema. Sasa kwenye televisheni karamu ilikuwa imekwisha, farasi walikuwa wanakimbia msituni, hakuna mtu hata mmoja, kwato tu, na sauti ya malkia ikiwa juu ya kwato. "Jozi moja imeshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu. Uzi wa Muhuru Bay."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma.

Joash akainuka. Hakukimbia. Alipita kati ya viti akiomba radhi, samahani, samahani, kama mtu anayekwenda haja. Wakampisha. Sekunde chache, na jenereta ikakohoa, ikazimika. Farasi wakawa nukta nyeupe, kisha giza. Maikrofoni ikafa mkononi mwa Dolphine.

Mtu akasukuma mlango, mwanga wa jua ukaingia.

Ndipo nyuma ya shuka ikasikika sauti nyingine, nyembamba, yenye mikwaruzo, ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia.

"Byron hakwenda Tanzania," ilisema. "Mokaya hakwenda. Werema hakwenda. Wako shimoni. Akala zao ziko kwa Joash, nyuma ya saruji, kwenye mfuko. Nimeziona. Mimi Dolphine nimeziona."

Mkono wa Gisiri ukalivuta shuka likakatika kamba. Wakamwona pale kwenye kreti, magoti yamebanwa pamoja, maikrofoni iliyokufa imeshikwa kwa mikono miwili, na chupa ya Fanta miguuni, imejaa kama ilivyoletwa.

"Binti," akasema Gisiri, "una hakika?"

"Nina hakika."

Mzee akageuka akanguruma kwa sauti ambayo hata mfalme wa taji la chuma hakuwa nayo: "Majembe!"

Walivunja mlango wa stoo. Gisiri alitoka na mfuko, akaenda nao mdomoni mwa shimo, akazipanga zile jozi tatu kwenye tope, moja moja, vidole vikitazama njia, kama wenyewe walivyoziacha. "Nilisema limekula udongo tu," akarudia mara kadhaa, bila kumwambia mtu. Kisha akavua akala zake mwenyewe na kushuka wa kwanza.

Kuhusu Joash, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfukuza. Baadaye wachuuzi wa samaki walisema alionekana Muhuru Bay, akapanda boti ya omena na kuvuka. Tanzania alikowatuma wengine kwa mdomo, akaenda yeye mwenyewe.

Jua lilizama na Sabato ikaingia. Mama Damaris alisimama mlangoni mwa banda akatazama mbingu, akatazama wanaume walioloa tope wakipokezana karai. Akarudi ndani, akawasha moto, akateleka sufuria kubwa ya uji. "Hata punda akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa," akasema kwa ukali, ingawa hakuna aliyemuuliza. Hakumtazama Dolphine usoni. Walichimba kwa mwanga wa taa.

Ilipokaribia saa mbili usiku walimtoa Werema. Alikuwa amekufa tangu ardhi ilipoanguka. Gogo lilikuwa limemwangukia kifuani. Baada yake walimtoa Mokaya, akiwa hai, rangi yake kama jivu, macho hayawezi kufunguka. Wakamlaza kwenye shuka la bluu la video. Mwisho walimtoa Byron.

Dolphine alimpangusa uso kaka yake kwa ncha ya gauni. Alikuwa bado laini. Hilo ndilo alilolihisi kwanza, na vidole vyake vikalikataa. Waliokufa zamani huwa wagumu kama kuni. Mama mmoja aliyezoea kuosha maiti akamgusa Byron shingoni, akaguna.

Mokaya akaomba maji. Alipokunywa akasikia kilio cha Dolphine, akanyoosha mkono kuelekea huko.

"Ni dada yake Byron?" akauliza. "Njoo, dada. Nina salamu zako."

Akasogea. Watu wakasogea pia.

"Gogo lilimbana kiunoni," Mokaya akasema polepole. "Maji yalikuwa yanapanda kidogo kidogo. Mimi nilimshikilia kichwa juu ya maji. Tuliongea sana. Hatukujua usiku wala mchana. Halafu tukasikia jenereta. Mwamba wote ulitetemeka. Byron akacheka, dada, nakuapia, alicheka. Akasema, 'Basi ni Ijumaa, saa tisa. Huyo dada yangu anaanza kazi. Leo ni kanda ya tisa.' Akaniambia nisikilize labda tutasikia sauti yako."

"Akasema nini tena?" mtu akauliza.

"Alikuwa anaongea tu. Alikuwa na nguvu bado. Halafu maneno yakapungua. Kisha nikamwita, haitikii. Kichwa kikawa kizito mikononi mwangu. Baadaye kidogo jenereta ikazimika, na punde nikasikia majembe juu yangu." Akanywa maji tena. "Nimekwambia ujue kwamba alikufa akiwa anakungoja wewe uanze. Alikuwa na furaha, dada."

Wanawake wakalia. Gisiri akaweka mkono mzito juu ya kichwa cha Dolphine. "Bila wewe tungempoteza na huyu," akasema. "Mungu akubariki, malkia." Na wengine wakaitikia, malkia, malkia, kwa heshima, wakivua kofia. Mtu mmoja alianza kumuomba msamaha kwa ule mzaha wa mume na mtungi, akashindwa kumaliza.

Dolphine alitikisa kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Alikuwa anahesabu. Jenereta iliwashwa saa tisa. Ilizimwa saa kumi kasorobo. Kati ya hapo palikuwa na joka, na lango, na farasi, na malkia aliyekwenda kulala bila neno.

Mokaya alipoweza kusimama, alikwenda mwenyewe mdomoni mwa shimo akavaa akala zake. Ndugu wa Werema walikuja wakasimama mbele ya jozi ya ndugu yao, wakaziacha pale pale, kwa kuwa asiye mwenyewe hazigusi. Za Byron, Dolphine alizichukua. Watu walimwona na hawakumkataza.

Walimpeleka Rangwe kwa gari la kubebea mchanga, jeneza limefungwa kamba, Dolphine ameketi kando yake. Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Habari ilikuwa imetangulia, nayo ilikuwa imekua njiani. Walisema ni msichana yule mwenye haya ndiye aliyemshitaki tajiri mbele ya watu mia. Wazee waliokuwa hawajui jina lake walimpa mkono. Mjomba akasimama akasema ukoo umepata simba jike.

Mama yake alingoja mpaka wageni walipotulia kwenye chakula. Akamwita ndani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, na mbele yake zile akala, ameziosha. Uzi wa kijani ulikuwa unang'aa.

"Wanasema uliziona kwenye stoo," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaenda kusema kwenye sinema."

"Ndiyo."

"Uliziona saa ngapi?"

Jibu lilikuwapo, tayari, Dolphine alikuwa amelishona njiani kama alivyoshona viraka vyote. Saa nane na nusu, mama, nilipokwenda kuchukua petroli, kisha sinema ikaanza. Lingetosha. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulipinga. Nje mjomba alikuwa bado anamsifu. Akamtazama mama yake usoni. Chumbani walikuwa wawili tu, hapakuwa na pazia.

"Saa tano asubuhi," akasema.

"Na hiyo jenereta wanayosema aliisikia akacheka?"

"Saa tisa."

Mama akainua mkono wake wa kushoto. Akakunja kidole kimoja, midomo ikisogea bila sauti. Akakunja cha pili. Akakunja cha tatu. Akakunja cha nne. Akabaki ameuangalia mkono ule, kidole gumba kimebaki peke yake, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

Kisha akaziokota akala, akajiinua kwa shida, akazipanga mlangoni, vidole vikitazama nje, zisimvute tena arudi. Akatoka kwenda kuwaongezea wageni maji ya kunawa.